Asali yangu ilisomeka sabuni: uzi kuhusu bakodi na namba iliyo chini yake

MamaNyuki (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kila wiki naona humu mjasiriamali anauliza "bakodi napata wapi kwa bei rahisi", yaani ile mistari myeusi ya kwenye lebo, na kila wiki anajibiwa majibu yaleyale yaliyonitia mimi hasara, kwamba mtu wa lebo atakuchorea tu. Leo mzigo umeondoka, watoto wamelala, nimetulia. Nashusha nilichojifunza, na atakayeona nimekosea anisahihishe hapahapa.

Nafungasha asali ya Sikonge, Tabora. Nilianza na chupa za kuokoteza, nikapanda hadi chupa nzuri za mfuniko wa kubana, nikahangaikia alama ya ubora mpaka nikaipata. Meneja wa supamaketi moja akaionja, akaipenda, akaniuliza swali moja tu: "Mama, ina bakodi?" Nikamwambia narudi nayo wiki ijayo. Nikaenda kwa kijana aliyekuwa ananitengenezea lebo. Akasema hilo dogo. Dakika tano kwenye kompyuta, lebo ikatoka na mistari yake na namba ya tarakimu 13 chini, safi kabisa. Sikumuuliza namba ameitoa wapi. Kwa akili yangu ya wakati ule, bakodi ilikuwa sehemu ya urembo wa lebo kama ile picha ya nyuki.

Nikapeleka chupa 60. Nilikuwepo wakati chupa ya kwanza inafika kaunta. Keshia akaipitisha kwenye skana, ikalia vizuri, na kioo kikaandika sabuni ya unga, na bei ya sabuni ya unga. Akarudia. Sabuni. Akachukua chupa nyingine. Sabuni. Foleni nyuma ya yule mteja ikaanza kunong'ona, na mimi nimesimama pale na kitenge changu kipya nilichovaa kwa ajili ya siku ile.

Kijana alikuwa amenakili namba ya bidhaa nyingine. Nilipomuuliza, alishangaa kwa nini nalalamika, maana "mistari si inasoma?" Na kweli ilisoma. Chupa zote 60 zilirudi nyumbani, nikakaa siku mbili nabandua lebo kwa maji ya moto.

Kuanzia hapo nikaamua nielewe hiki kitu. Na jambo la kwanza nililolielewa, ambalo naomba kila mwenye biashara alishike, ni kwamba ile mistari haibebi jina la bidhaa. Haibebi bei. Kwenye bakodi ya kawaida ya rejareja haimo hata tarehe ya kuisha muda. Imebeba namba tu, basi. Mistari ni namna ya kuiandika namba hiyo ili mashine iisome haraka kuliko jicho. Ni kama namba ya simu: ukiitazama hujui ni ya nani mpaka uwe umeihifadhi na jina. Duka ndilo linaloihifadhi. Skana ikishasoma, namba inapelekwa kwenye kompyuta ya duka, kompyuta inaitafuta kwenye kanzidata yake, inakuta pale imeandikwa jina gani na bei gani, inavirudisha kaunta na kupunguza kimoja kwenye hesabu ya mzigo. Yote hayo kabla chupa haijaingia kwenye mfuko.

Sasa mkiona hivyo mtaelewa kwa nini asali yangu iliitwa sabuni. Duka lilikuwa limeshahifadhi ile namba kwa jina la sabuni. Kompyuta haikukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyevaa jina la mtu.

Namba yenyewe imepangwa hivi. Nitatumia mfano niliojitungia, 6201234567893. Tarakimu tatu za mwanzo, 620, zinaonyesha namba imetolewa na ofisi ya nchi gani ya GS1, shirika nitakalolieleza hapa chini. 620 ni Tanzania. Zinazofuata ni za kampuni, na baada ya hizo ni za bidhaa moja moja ya kampuni hiyo. Mpaka kati ya kampuni na bidhaa unasogea: mwenye bidhaa nyingi hupewa namba fupi ya kampuni ili abakiwe na nafasi nyingi za bidhaa, na mdogo kama mimi hupewa ndefu. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, nitamwachia anayejua hesabu aieleze.

GS1 ni shirika la kimataifa linalogawa hizi namba, makao yake Brussels, Ubelgiji, na lina ofisi za nchi mbalimbali. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha namba moja haipewi watu wawili popote duniani. Hilo ndilo unalolipia. Kuchora mistari ni bure, hata simu yako inaweza.

Na kosa la pili nililokaribia kulifanya baada ya kusajiliwa: nilitaka kutumia namba moja kwa asali zote. Haiwezekani. Nusu kilo ina namba yake, kilo moja ina yake, robo ina yake. Asali ya nyuki wadogo, ambayo bei yake ni tofauti kabisa, ina yake. Chochote ambacho mteja angekitofautisha wakati wa kununua, au duka lingekiagiza peke yake, kinahitaji namba yake. Ukipunguza ujazo kutoka gramu 500 hadi 450, hiyo ni bidhaa nyingine, toa namba mpya. Na namba ya bidhaa uliyoacha kuitengeneza usiihamishie kwenye bidhaa mpya, kwa sababu kuna duka mahali bado linaikumbuka kwa jina la zamani.

Karibuni tuulizane.

---

Keshia_wa_Zamani

Mama pole sana kwa yaliyokukuta. Nimekaa kaunta miaka saba, hayo ya asali kusomeka sabuni nimeyaona kwa sura nyingi. Niongezee upande wetu.

Mteja akikuta bei ya rafuni ni tofauti na ya kaunta huwa anailaumu bakodi. Bakodi haina bei, kama Mama alivyosema. Kilichotokea ni kwamba mtu wa ofisini amebadilisha bei kwenye kompyuta na kijana wa rafu hajabadilisha karatasi, au kinyume chake. Mwambie keshia aite msimamizi, ni haki yako, wala usione aibu ya foleni.

Lingine ni la wenzangu mlioko kaunta sasa hivi. Mteja analeta yogati sita za ladha tofauti, bei ni moja. Keshia anachukua ya stroberi, anaipiga mara sita, anaona ameokoa muda. Pesa iko sawa, risiti iko sawa, lakini kompyuta inaamini zimetoka stroberi sita. Vanila iliyoisha rafuni kompyuta inasema ipo, kwa hiyo haiagizwi. Mwezi ukiisha, hesabu ya stoo haifanani na kilichopo, na wa kwanza kushukiwa wizi ni nyie vijana wa stoo na kaunta. Nimeona mtu anakatwa mshahara kwa jambo hili. Pitisheni kila kikopo.

Na nyama au jibini inayopimwa dukani mtaona namba inaanza na 2. Zile ni namba za ndani ya duka, mizani yenyewe ndiyo inazichapa, na mara nyingi uzito au bei imo ndani ya tarakimu. Hapo ndipo bei huingia kwenye mistari, lakini namba hiyo nje ya lile duka haina maana yoyote. Usichukue namba inayoanza na 2 ukaiweka kwenye bidhaa ya kupeleka kwingine.

---

MwanaMzizima

Asante kwa uzi, Mama. Kwa hiyo nikiwa dukani nikaona 620 najua hii imetengenezwa nyumbani, siyo? Kuna ujumbe unazunguka WhatsApp una orodha ya namba za nchi, unasema ukiona 690 ni ya China iache. Nimekuwa nikiutumia kununulia.

---

MamaNyuki

Mkuu, ule ujumbe una orodha ya kweli na hitimisho la uongo. Ni kweli 690 hadi 699 ni za GS1 ya China, 616 ni Kenya, 600 na 601 ni Afrika Kusini, 890 ni India, 500 hadi 509 ni Uingereza. Lakini zinaonyesha kampuni imejisajili wapi, hazionyeshi bidhaa imetengenezwa wapi. Kampuni ya Uingereza inaweza kushonesha mashati Bangladesh na yakaja na 50. Kampuni ya hapa inaweza kuagiza kiberiti India chenye lebo yake na 620 juu. Ukitaka kujua imetengenezwa wapi, soma maandishi ya lebo, "imetengenezwa" au "imefungashwa" wapi.

Na kinyume chake pia kinatuhusu. Zamani, kabla hatujawa na ofisi yetu, wazalishaji wa Tanzania walilazimika kuchukua namba nje, Kenya na Afrika Kusini zikiwemo. Hivyo kitu kilicholimwa, kikasagwa na kufungwa kwetu kinabeba namba ya jirani. Ukikiacha rafuni kwa sababu hakianzi na 620, umemwacha mkulima wako mwenyewe.

Kuna na vitabu. Angalia nyuma ya kitabu chochote kipya, namba inaanza na 978, au 979. Hizo hazina nchi kabisa, zimetengwa kwa ajili ya vitabu popote vinapochapwa.

---

Mama_Njugu_Nyeri

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko upande wa Kenya, natengeneza siagi ya njugu, nyinyi mnaita karanga. Nathibitisha hayo ya 616, wateja wetu pia hudhani ni alama ya ubora wa Kenya. Sivyo.

Nataka niseme juu ya namba za mtandaoni kwa sababu niliumia huko. Kuna tovuti huuza namba moja moja kwa bei ndogo sana, na kusajiliwa kwa GS1 kuna ada ya kila mwaka, kwa hiyo ukiwa mdogo unavutika. Hazikuwa za kubuni. Nyingi ni namba zilizotolewa Marekani kabla ya 2002, kampuni zilizozimiliki zikafa au zikauzwa, na mtu akabaki na fungu la namba anazozigawa rejareja. Dukani kwetu mtaani ilipita bila shida kwa mwaka mzima. Shida ilianza nilipotaka kuuza kwenye soko kubwa la mtandaoni la nje. Wao hulinganisha namba na rejista ya GS1, wakakuta namba ni ya kampuni ya Marekani nisiyoijua hata jina, wakakataa bidhaa. Nikabadilisha lebo zote.

Kwa hivyo dada MamaNyuki anaposema "jina la mtu", shikeni maneno hayo. Hata ukilinunua kwa risiti, rejista inamjua mwenyewe. GS1 wana ukurasa wa kuhakiki, unaandika namba unaona imesajiliwa kwa nani. Kabla hujalipa mtu yeyote, iweke pale kwanza.

---

LeboNaStika_Kkoo

Mimi ni mchapaji, Kariakoo. Nimesoma habari ya yule kijana na nimesikitika, maana sisi wachapaji ndio mteja anayetuamini. Mimi siku hizi mteja akija hana namba namrudisha akasajili kwanza. Wengine wananichukia, wanaenda duka la pili.

Tuzungumze mistari yenyewe, kwa sababu unaweza kuwa na namba halali kabisa na bado ikagoma kaunta.

Ukubwa. Kipimo cha kawaida cha ile ya tarakimu 13 ni kama milimita 37 kwa upana na 26 kwa kimo, pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Unaruhusiwa kushuka hadi asilimia 80 au kupanda hadi asilimia 200. Wateja wananiambia "ipunguze ipunguze inaharibu lebo", wanataka iwe kama ukucha. Haitasoma. Kama kifungashio chako ni kidogo kweli, kama cha lipstiki, kuna aina fupi ya tarakimu 8, ombeni hiyo. Na msivute picha upande mmoja kwenye kompyuta ili ienee kwenye nafasi. Unene wa kila mstari ndio herufi yake, ukiuvuta ovyo unaweza kuuharibu na skana ikashindwa kuisoma.

Nafasi nyeupe. Kushoto na kulia kwa mistari lazima pabaki patupu, ndipo skana inapojua "naanza hapa, naishia hapa". Wabunifu wengi wanaiona ni nafasi imepotea, wanaweka ua, wanaweka fremu. Acheni.

Rangi. Hapa ndipo watu wanapigwa sana. Skana nyingi za kaunta zinatumia mwanga mwekundu. Mstari mwekundu chini ya mwanga mwekundu unang'aa sawa na mweupe, kwa skana ni kama hakuna kitu. Nyekundu juu ya nyeupe jicho lako linaiona vizuri, mashine haioni. Tumia nyeusi, au bluu iliyokolea, au kijani kilichokolea, juu ya nyeupe au njano. Dhahabu na fedha zinazong'aa ziachwe.

Mama, kwako wewe wa asali: wengi wenu mnapenda lebo ya plastiki inayoonyesha asali ndani. Inapendeza, lakini bakodi ikichapwa juu ya plastiki hiyo moja kwa moja, nyuma ya mistari kuna asali, na asali ya miombo ni nyeusi hasa. Chapeni kwanza mstatili mweupe, halafu mistari juu yake.

Na chupa nyembamba ya duara: zungusheni bakodi ili mistari ilale kama ngazi za kupandia chupa. Ikisimama kama fito za ukuta, ile ya pembeni inakunjika kwenda nyuma na skana haiioni yote kwa pamoja.

Kabla ya kuchapa elfu tano, chapa moja, bandika kwenye chupa iliyojaa, nenda dukani omba waipitishe. Wengi hawakatai.

---

MwalimuHesabu

Nimesubiri tarakimu ya mwisho, ndiyo ninayoifundishia watoto Kidato cha Kwanza.

Chukua namba ya MamaNyuki bila ya mwisho: 620123456789. Anza kushoto. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6+0+2+4+6+8 = 26. Jumlisha zilizo nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 2+1+3+5+7+9 = 27. Hiyo ya pili izidishe kwa 3, unapata 81. Jumla yote 107. Ili ufike kwenye namba inayogawanyika kwa 10, yaani 110, unahitaji 3. Ndiyo hiyo 3 ya mwisho.

Sasa chukulia mistari imechanika na keshia anaandika kwa mkono, akageuza 3 na 4 zilizofuatana: 6201243567893. Hesabu inakuwa 25 na 28 mara 3, yaani 84, jumla 109. Ilipaswa kuishia na 1, imeishia na 3. Kompyuta inakataa papo hapo. Ndiyo sababu ya kuzidisha kwa 3: kama zingejumlishwa tu, kubadilishana nafasi kusingeonekana. Tarakimu moja ikikosewa inagundulika kila mara. Kubadilishana kwa tarakimu mbili jirani kunagundulika pia, isipokuwa zinapopishana kwa 5, kama 1 na 6, kwa sababu tofauti inakuwa 10 kamili na hesabu inapita.

Kuna jingine zuri zaidi. Ihesabu mistari myeusi kwenye bakodi ya tarakimu 13, utapata 30. Kila tarakimu huchorwa kwa mistari miwili myeusi na nafasi mbili nyeupe. Ondoa mistari 6 ya ulinzi (miwili mwanzo, miwili katikati, miwili mwisho) unabaki na 24, ambayo ni tarakimu 12. Ya kumi na tatu iko wapi? Ile ya kwanza kabisa, ambayo kwenye lebo huandikwa nje kushoto peke yake, haijachorwa. Kila tarakimu ya nusu ya kushoto inaweza kuandikwa kwa mitindo miwili, na mpangilio wa mitindo hiyo katika zile sita ndio unaoitaja ya kwanza. Wamarekani walianza na tarakimu 12, Wazungu wa Ulaya walipoanzisha mfumo wao mwaka 1977 walihitaji nafasi moja zaidi, wakaificha humo bila kuongeza mstari hata mmoja. Kila nikiieleza hii darasani naisikia upya.

---

NeemaTele

Bwana asifiwe. Naomba nisieleweke vibaya, nauliza kwa moyo safi. Kanisani kwetu tulifundishwa kwamba ile mistari mirefu mitatu, mwanzo, katikati na mwisho, ni 6, 6 na 6, yaani namba ya mnyama. Nina duka dogo la vifungashio na jambo hili linanisumbua. Kuna anayeweza kunieleza bila kunitukana?

---

MwalimuHesabu

Dada Neema, hakuna wa kukutukana hapa, swali lako ni la mtu anayetaka kujua anachokiweka mkononi.

Chanzo cha mafundisho hayo kinaonekana kwa macho. Tarakimu 6 ikiwa nusu ya kulia ya bakodi huchorwa kwa mistari miwili myembamba iliyokaribiana, na ile mirefu uliyoitaja, ya ulinzi, pia ni miwili myembamba iliyokaribiana. Zinafanana hapo. Lakini kila tarakimu kwenye bakodi lazima ichukue upana wa vijisehemu 7, hakuna inayozidi wala kupungua. Ile 6 ni mistari miwili ikifuatiwa na weupe mpana hadi vitimie 7. Ya ulinzi ya pembeni ina vijisehemu 3 tu, ya katikati 5. Mashine haiwezi kuisoma kama tarakimu yoyote. Kazi yake ni kuiambia skana mstari mwembamba kabisa una upana gani, ili ipimie mingine. Kila nusu ina tarakimu sita, yaani 6 mara 7 ni 42. Jumla: 3 + 42 + 5 + 42 + 3 = 95. Chukua rula na bakodi iliyokuzwa, uhesabu mwenyewe.

---

NeemaTele

Nimehesabu kwenye katoni la sabuni nililonalo, nimekuza kwa simu. Ni kweli ya pembeni haina ule weupe. Asante sana mwalimu, Mungu akubariki.

---

Babu_wa_Makumbusho

Wanangu, niwape na asili yake kidogo. Mwaka 1948 huko Philadelphia, Marekani, mwanafunzi Bernard Silver alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka ya chakula akimwomba mkuu wa kitivo kimoja cha chuo chao utafiti wa namna ya kusoma bidhaa kaunta. Mkuu alikataa. Silver akamwambia rafiki yake Norman Joseph Woodland. Woodland alikuwa amejifunza alama za Morse utotoni, zile nukta na vistari vya simu za upepo. Akiwa ufukweni Miami Beach alichomeka vidole mchangani, akavivuta kuelekea kwake, akaona mistari minne: badala ya nukta na vistari, mstari mwembamba na mpana. Hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, wakaipata tarehe 7 Oktoba 1952.

Lakini dunia haikuwa tayari, leza na kompyuta ndogo hazikuwepo. Silver alifariki 1963 bila kuiona ikitumika. Baadaye George Laurer wa kampuni ya kompyuta ya IBM ndiye aliyetengeneza mchoro tunaoujua, ukachaguliwa mwaka 1973. Washindani walitaka mistari ya duara kama shabaha. Laurer aliona kwamba mashine ya kuchapa hupaka wino kuelekea karatasi inakokwenda. Duara likipakazwa linaharibika, ila mstari ulionyooka ukipakazwa kwa urefu wake unakuwa mrefu tu, unene wake unabaki uleule. Bwana LeboNaStika hilo analijua mkononi.

Tarehe 26 Juni 1974, mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya jojo za Wrigley's Juicy Fruit ikapitishwa kaunta ya supamaketi ya Marsh, kwa senti 67. Ndiyo ya kwanza.

---

LeboNaStika_Kkoo

Shikamoo babu. Kweli kabisa, mpaka leo tunapanga mistari ielekee njia ya karatasi. Nilifundishwa na bosi wangu bila kuambiwa sababu.

---

Kipanga_Mbeya

Mimi swali langu ni la bidhaa bandia. Nikiskani kwa simu ikaniletea jina la bidhaa, si nina uhakika ni halisi?

---

Keshia_wa_Zamani

Hapana mkuu. Anayenakili chupa na lebo ananakili na mistari, inasomeka vilevile. Bakodi inasema "mimi ni aina fulani ya bidhaa". Chupa zote za aina hiyo zina namba moja, za halali na za kughushi. Haithibitishi ubora, hiyo ni kazi ya alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na ukaguzi. Haithibitishi kodi, hiyo ni kazi ya stempu. Kwa dawa ya mtoto au kinywaji kikali usitegemee bakodi hata siku moja.

---

Kipanga_Mbeya

Na QR, ule mraba wa vidoa vidoa?

---

MamaNyuki

QR ilitengenezwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya vipuri vya magari. Inabeba mambo mengi zaidi, kwa hiyo namba ileile ya bidhaa inaweza kukaa pamoja na tarehe ya kuisha na namba ya kundi la uzalishaji. GS1 wanahimiza maduka yawe na skana za kusoma alama za namna hiyo ifikapo mwisho wa 2027. Mimi naisubiri kwa hamu. Leo nikigundua pipa moja la asali limeingia maji, inabidi nipige simu duka kwa duka wasome namba ya kundi kwa macho. Kaunta ikijua kundi, itakataa kuuza lile tu na kuacha mengine. Lakini kwa sasa mistari ya kawaida iwepo, maana duka lako la kesho asubuhi linayo skana ya zamani.

---

Mbebamzigo

Katoni langu la chupa 12 nitumie bakodi ya chupa?

---

Mama_Njugu_Nyeri

Usifanye hivyo. Stoo wakipiga katoni, kompyuta itaandika imeingia chupa moja. Katoni lina namba yake ya tarakimu 14, huchapwa kwa mistari minene inayovumilia karatasi ya boksi. Waulize ofisi ya GS1 wakati uleule unaposajili.

---

Binti_Genge

Shikamooni. Mimi nauza ubuyu na karanga za kukaanga kwenye genge la mama yangu, nafunga kwa mashine ya mkono. Nimesoma uzi wote na sasa naogopa. Lazima niwe na bakodi?

---

MamaNyuki

Marahaba mwanangu. Usiogope. Gengeni hakuna skana, mteja anakujua kwa sura na ubuyu anaujua kwa ladha. Pesa ya bakodi kwa sasa inunulie karanga. Siku duka lenye skana likikuita, ndipo uende kwenye ofisi ya GS1, na uende na karatasi umeandika kila bidhaa na kila ukubwa: ubuyu wa pilipili gramu 50, ubuyu wa sukari gramu 50, karanga gramu 100, kila mmoja mstari wake. Watakuuliza hilo swali kwanza, kwa sababu idadi ndiyo inayoamua fungu la namba utakalopewa. Na ukirudi, namba zako ziandike kwenye daftari zibaki na wewe, usiziache kwenye kompyuta ya mtu wa lebo.